Nzuri, Ila

Usingemwita mwalimu. Ukimwita mwalimu alikuwa anageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine amesimama mlangoni, kisha anarudisha macho kwako polepole na kukurekebisha: "Mkufunzi." Mwalimu, kwa maelezo yake, ni mtu wa chaki na viboko, wa shule za msingi huko. Yeye alikuwa mkufunzi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Morogoro mjini, na jina alilopewa na wazazi wake sijawahi kulisikia likitamkwa. Hata mkewe alimwita Mkufunzi. Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo, ingawa kwa miaka minne nimekuwa na majina mengine ya kumwita nikiwa peke yangu jikoni.

Niseme mapema nina nini naye, msije mkaniona mtu wa kinyongo cha bure. Mjomba wangu, aliyenilea tangu naota meno, hana mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti. Analima karoti na kabichi kwenye mteremko wa Uluguru, mahali ambapo hata mwenye miguu yote miwili anateremka akishika majani. Mguu ule ulikatwa kwa sababu programu ya kompyuta ilisema jambo ambalo halikuwepo, na programu hiyo niliiandika mimi, kwa namna ileile aliyonifundisha Mkufunzi. Kwa miaka minne nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: apande mlima, akae kwenye kigoda mbele ya mjomba, aseme, nimekosa. Hakupanda. Na kila nilipokwenda kumjulia hali, mjomba aliniuliza, "Yule mtu wenu amesemaje?" 

Sasa nimweleze huyo mtu wetu.

Kwa salamu alikuwa mgonjwa. Shikamoo moja haikumtosha. Ukisema shikamoo, anasema marahaba, kisha anakupitisha: habari za nyumbani, habari za asubuhi, habari za masomo, huko mnakoishi wote wazima. Na wewe unajibu nzuri, nzuri, nzuri, wazima, huku kilichokuleta kimekubana kooni. Ukikatisha hapo katikati anaanza upya. Siku moja mwenzetu aliingia ofisini kwake mbio, jasho linamtoka, akasema, "Mkufunzi, gari lako."

"Shikamoo kwanza," akasema Mkufunzi, bila kuinua kichwa.

Mwenzetu akatoa shikamoo. Akaulizwa habari za nyumbani, akasema nzuri. Akaulizwa za masomo, nazo nzuri. Mkufunzi akafunga kalamu yake, akakunja mikono, akasema, "Haya. Shida yako nini?"

"Gari lako lilikuwa linateremka lenyewe, Mkufunzi."

"Lilikuwa?"

"Sasa hivi limeshafika."

Lilikuwa limefika kwenye mtaro wa maji, pua chini. Tulilitoa kwa kamba, wanaume saba na mimi, na yeye amesimama pembeni na suti yake akituelekeza. Mnajua alimlaumu nani? Alimlaumu yule mwenzetu, kwamba hana adabu ya kuwahi. Nilicheka nikiwa nimeinamia bampa ili asinione.

Suti yenyewe ilikuwa moja, ya rangi ya ugoro, na aliivaa hata mwezi wa kumi na mbili, joto la Morogoro likiwa linayeyusha lami. Mfuko wa juu ulikuwa na kalamu nne. Tatu kati yake zilikuwa zimekauka, nilihakikisha mwenyewe siku nilipoziazima. Wenzangu wanaosema alikuwa mtu mkubwa wanakumbuka suti, mimi nakumbuka hizo kalamu.

Alipenda vyeo kuliko chakula. Kuna dada mmoja wa ofisi ya uhasibu alimpelekea kadi ya harusi, bahasha imeandikwa Bwana na Bibi. Aliirudisha haijafunguliwa. Akaandika juu yake kwa wino mwekundu, "Mkufunzi Mwandamizi." Yule dada akaandika bahasha nyingine na Mkufunzi akaipokea, tena kwa furaha, ila kwa kuwa alitumia wiki nzima kushindana na bahasha, alipofungua ndani harusi ilikuwa imeshapita Jumamosi. Huyo ndiye mtu wetu. Nje ya kitu anasoma herufi kwa herufi, ndani hajui kuna nini.

Sasa ingieni darasani kwake mshangae.

Alitufundisha kuandika programu za mezani, zile unazobofya kwenye kompyuta yenyewe, zikafungua dirisha lake na vitufe vyake. Programu ya namna hiyo ikitaka habari kutoka mbali, inatuma ombi kwenye kompyuta nyingine kubwa, seva, na seva inarudisha jibu. Jibu huja kwa sehemu mbili. Juu kuna mistari mifupi: hali ya jibu, nani anajibu, saa ngapi, maandishi ni ya aina gani, nakala hii ina umri gani. Chini ndipo penye mzigo wenyewe ulioomba. Mistari ile ya juu Mkufunzi aliiita salamu. Mzigo wa chini aliuita shida, kama anavyokuuliza mtu ofisini, shida yako nini. Na sheria yake aliiandika ubaoni siku ya kwanza kwa herufi kubwa, akaipigia mistari miwili: RUKA SALAMU, CHUKUA SHIDA.

Yeye. Mtu aliyeacha gari lake liingie mtaroni kwa ajili ya shikamoo.

"Mtazame namba ya kwanza tu," alituambia. Seva ikiwa haina tatizo hutanguliza namba mia mbili na neno la Kiingereza la kusema sawa. Mkufunzi kwenye seva ya chuo alilifuta neno lile, akaweka lake. Seva yetu ilijibu "200 Nzuri." Alijisifia jambo hilo muhula mzima kana kwamba ameivumbua kompyuta. "Ikishakwambia nzuri, yanayofuata ni porojo. Yatupe. Teremka chini uchukue kilichokuleta." Tulipomuuliza juu ya mstari wa saa, alionyesha mkono wake. "Saa unayo mwenyewe. Ya nini kuomba ya mwenzio?"

Kulikuwa na kijana darasani kutoka Turiani, mpole, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kusema, jambo ambalo pale chuoni lilihesabiwa kuwa uzito wa kichwa. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Mkufunzi. Kwetu mtu ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri, hata kama amefiwa. Atasema nzuri kwanza, atavuta pumzi, halafu ndiyo aseme, ila. Ila mama amelazwa. Ila mto umechukua mpunga. Sasa hii seva ikisema nzuri, ila yake inakaa wapi?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika darasa lile, na nimelijua hivyo nikiwa nimechelewa. Kila mtu hapa analijua jambo hili tangu utotoni. Hakuna anayesimama na kuondoka baada ya nzuri. Unangoja kidogo, unamtazama mwenzio usoni, unampa nafasi. Mkufunzi alimtazama yule kijana kwa muda.

"Seva haina mama wa kulazwa," akasema. "Kaa chini, Bwana Ila."

Darasa likavunjika kwa kicheko. Kuanzia siku ile hadi tunamaliza aliitwa Bwana Ila, na kwenye mtihani wa mwisho, kwa kuwa programu yake ilisoma salamu yote mstari kwa mstari, Mkufunzi aliandika pembeni "maneno mengi" na kumkata alama. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa mwanafunzi anayependwa na sikutaka mtu asahau.

Ngoja nimtendee haki kidogo, maana kuna watu watasema namchafua. Hakuwa mtu wa kupokea chochote mkononi kwa mwanafunzi. Na kwenye misiba alikuwa wa kwanza. Mwanafunzi akifiwa, hata kama ni Mzumbe, hata kama ni juu huko ambako pikipiki inagoma, Mkufunzi atafika na suti yake ya ugoro, atavua viatu, atakaa mkekani mpaka matanga yaanuliwe. Hazungumzi, anakaa tu. Wakati wa msiba wa baba wa mwenzetu mmoja alilala siku tatu kwenye ukumbi wa kanisa. Nilimheshimu kwa hilo na hadi leo sijui nilipeleke wapi.

Tena mtu huyu wa kompyuta hakuiamini kompyuta. Alichapa kila kitu. Kila Ijumaa mashine ya kuchapia ilikohoa mchana kutwa: kazi za wanafunzi, barua, hata kumbukumbu za seva, kila ombi lililoingia na kila jibu lililotoka. Aliziweka kwenye mafaili makubwa, kila faili na mwezi wake, na rafu zilipojaa alianza kuyapanga nyumbani kwake Kilakala. Tulimcheka. "Anakausha samaki," tulisema, "asije akaoza."

Mwaka wetu wa mwisho chuo kilipewa kazi ya kuzisaidia zahanati za mlimani. Kila asubuhi vituo vya afya vya bondeni vilitakiwa kutuma kwenye seva ya chuo orodha ya dawa adimu walizonazo, na zahanati za juu, kwa kubofya kitufe, ziweze kuona nani ana nini kabla ya kumteremsha mgonjwa. Mkufunzi aliandika upande wa seva. Mimi nikapewa programu ya mezani, ile itakayokaa kwa sista wa zahanati ya misheni kijijini kwetu. Nililia kwa furaha. Mjomba aliposikia, aliteremka kutoka shambani na karoti fungu zima, akaniambia, "Basi mpwa wangu atakuwa anatulinda kutoka mjini."

Niliiandika kama nilivyofundishwa. Inatuma ombi. Jibu likirudi, inatazama namba ya kwanza: mia mbili, nzuri. Salamu yote inatupwa. Orodha inawekwa dirishani kwa rangi ya kijani, na juu yake maneno "Taarifa ya leo," na saa. Ile saa niliichukua kwenye kompyuta ya sista mwenyewe. Saa unayo mwenyewe, ya nini kuomba ya mwenzio.

Sasa kosa lilikuwa hivi, na halihitaji mtu kuwa na cheti kulielewa. Kituo kisipotuma orodha asubuhi, labda umeme umekatika, seva ya Mkufunzi haikusema haina. Ilitoa orodha ya jana. Na programu yangu, ikishasikia nzuri, iliigonga orodha ya jana muhuri wa leo.

Mjomba aliumwa na nyoka, kifutu, saa tatu asubuhi akipalilia karoti. Hakumwona. Kifutu hakimbii, amelala tu kwenye majani makavu kama kamba ya zamani, na mjomba alimkanyaga. Wakambeba kwa machela hadi zahanati. Sista akamfunga vizuri mguu usitikisike, akabofya kitufe changu. Dirisha likamwambia kwa kijani: kituo cha upande wa mashariki kina dawa ya sumu ya nyoka, chupa mbili, taarifa ya leo, saa nne kasoro dakika ishirini. Wakamteremsha mashariki, njia ya saa mbili na nusu kwa miguu ya watu wanane. Chupa mbili zile zilikuwa zimetumika jana yake jioni. Kituo cha magharibi, kilichokuwa na chupa nne, kilikuwa saa moja na nusu kutoka zahanati. Walipomrudisha, wakazunguka, wakapata gari hadi magharibi, ikawa alasiri, na mguu umevimba na kuwa mweusi. Alipona, mguu ndio haukupona.

Sista aliniambia maneno ambayo ningependa asingeniambia. "Mwanangu, simu ilikuwa mfukoni. Pale nyuma ya kanisa mtandao unashika. Programu yako ingeandika neno moja tu la shaka, ningepiga kituoni kuuliza. Lakini iliandika kijani."

Kikao kilifanyika chuoni. Mkufunzi alikaa mbele, akatusalimia mmoja mmoja kwa utaratibu wake, akasoma ripoti ya nusu ukurasa: hitilafu ya mtandao. Akatia saini kwa kalamu ya nne, ile inayoandika. Nilisimama nikasema seva yake ilijibu nzuri ikanyamaza. Nikasema yeye ndiye aliyetufundisha kutupa salamu. Nikasema na mengine ambayo mwanafunzi hasemi. Alinitazama kwa namna ambayo niliichukulia kuwa dharau, akakusanya karatasi zake akatoka. Mradi ukafungwa, kompyuta ya sista ikafunikwa kitambaa.

Na yule mtu wa misiba, aliyelala kanisani siku tatu kwa ajili ya baba wa mwingine, hakupanda kumwona mjomba. Nilimngoja wiki ya kwanza. Nilimngoja mwezi. Mjomba aliwekewa kiti mlangoni na kiti cha pili pembeni yake, cha mgeni, na kile cha pili kikakaliwa na kuku. Pengine msiba wa mguu hauna mkeka wa kukalia. Nikamdharau hapo kuliko kwenye jambo jingine lolote, na dharau ile nimeitunza vizuri. Nilipata kazi, nikaandika programu nyingine nyingi, nikafundisha vijana wawili watatu kazini, na kila nilipotaka mfano wa mtu mpumbavu mwenye cheo nilimtoa yeye. Watu walicheka sana.

Mwaka huu nikasikia macho yake yameharibika. Bwana Ila ndiye aliyenipigia simu kuniambia. Alisema Mkufunzi amestaafu, haoni, na anawaulizia wanafunzi wake wa zamani, mmoja mmoja. Kilichonishangaza ni kwamba Bwana Ila alikuwa anakwenda kumsomea magazeti kila Jumapili. "Wewe? Baada ya yote?" nikamuuliza. "Ni mzee wetu," akasema. "Nenda, dada. Anakutaja." Nikaenda. Sikwenda kumjulia hali, nisidanganye. Nilikwenda ili nimwambie usoni akiwa hana pa kugeukia.

Nyumba yake iko Kilakala, na sebule imejaa mafaili hadi dirishani. Ilikuwa saa tisa mchana. Alikaa kwenye kiti cha mbao na ile suti, sasa imemlegea, na macho yamefunga ukungu mweupe. Alitambua hatua zangu kabla sijasema.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, binti. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Mjomba wako hajambo?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka minne. "Hajambo," nikasema, "ila hana mguu."

Hakutikisika. Akainua mkono kuelekea rafu ya tatu, upande wa dirisha. "Faili la kijani, la nne kutoka kushoto. Karatasi yenye kona iliyokunjwa. Nisomee."

Nilitaka kumwambia sikuja kumsomea karatasi. Lakini nilikuwa nimemtii miaka mitatu ya chuo na mwili ulikumbuka. Nikalitoa faili, nikaifungua kona iliyokunjwa. Ilikuwa kumbukumbu ya seva ya siku ile, asubuhi ile, ombi kutoka zahanati ya kijijini kwetu. Niliitambua saa. Chini ya ombi kulikuwa na jibu.

"Soma," akasema. "Anzia juu."

Nikasoma. "Mia mbili. Nzuri."

"Endelea."

Nikasoma mstari wa saa, na wa aina ya maandishi. Mstari wa nne sikuusoma mara moja. Niliusoma kwanza kwa macho.

"Endelea, binti."

"Ila," nikasoma. "Nakala ya jana. Kituo cha mashariki hakijatuma leo. Pigeni simu kabla ya kuondoka."

Mkewe alipita na sinia ya chai, akaiweka, akatoka. Nilifunua karatasi za nyuma, siku kumi na mbili nyuma, na kila jibu la nakala ya zamani lilikuwa na mstari ule, kwa neno lile lile alilolichekea darasani. Kabla ya hapo haukuwepo.

"Niliona kosa," akasema. "Yule kijana wa Turiani alikuwa sahihi. Nikaweka mstari huo siku ile ile nilipoliona."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilisema."

"Ulisema wapi?"

"Hapo juu. Kwenye salamu."

"Mkufunzi, wewe ndiye uliyetufundisha tusisome hapo juu. Ulijua hakuna hata mmoja wetu anayesoma."

Alipapasa kikombe, akakipata, hakukinywa. "Nilijua," akasema. "Ningesimama mbele ya darasa, niseme nini? Nimempa kijana wa watu jina la kejeli na kumkata alama, halafu niseme alikuwa na haki? Nikaona niiandike mahali inapostahili kuandikwa, na mtu mwenye akili ataikuta. Nilidhani wewe utaikuta. Ulikuwa hodari kuliko wote." Akakirudisha kikombe kwenye sinia. "Kumbe ulikuwa mtiifu kuliko wote."

Hapo nilipaswa kumtukana na nilikuwa na matusi ya miaka minne. Mwoga gani anaificha toba yake mahali ambapo amewakataza watu kuchungulia? Nilimwona jinsi alivyo, mdogo ndani ya suti, na bado namwona hivyo. Lakini mkononi nilikuwa na karatasi, na kwenye karatasi seva haikunyamaza. Ilisema kwa Kiswahili, ikaeleza hadi cha kufanya. Salamu yake ilifika kwenye meza ya sista dakika ile ile, ikaingia kwenye programu yangu, na mstari wa kumi na saba nilioandika mimi ukaitupa.

"Kwenye kikao ungeitoa karatasi hii," nikasema. "Ungejiokoa."

"Ingekuangukia wewe," akasema. "Na mlimani sikuweza kupanda. Ningepanda, mjomba wako angeniuliza habari, na mimi ningemjibu nini? Ningesema nzuri, halafu?"

Hakuniomba msamaha. Nadhani hajui namna yake. Aliniuliza kama chai ina sukari ya kutosha, kisha akanipitisha kwenye salamu za kuagana, moja baada ya nyingine, nisalimie fulani, nisalimie fulani, na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, "Na mjomba." Niliikunja ile karatasi nikaitia kwenye mkoba. Alisikia inakunjwa. Hakunikataza.

Ningeweza kuichana njiani. Hakuna mwingine aliyeijua ila kipofu mmoja. Mjomba angeendelea kuniuliza yule mtu wenu amesemaje, na mimi ningeendelea kumtupia Mkufunzi lawama yote, na sote wawili tungezeeka kwa amani tukiwa na mtu wa kumdharau. Niliifikiria sana njia hiyo, nisijifanye malaika.

Jumamosi nikapanda. Mjomba alikuwa mlangoni, gongo limeegemea ukuta, anachambua mbegu za karoti kwenye ungo. Nikafukuza kuku kwenye kiti cha mgeni, nikakaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Habari za mjini?"

"Nzuri," nikasema.

Mjomba aliweka ungo chini. Alinitazama usoni, akangoja, kama watu wa kwetu wanavyongoja.

"Ila," nikasema, nikafungua mkoba.